Kilemba Cheupe Ng'ambo ya Mto Tana

Balambala iko kandokando ya Mto Tana, juu ya mji wa Garissa. Ukiupa mto kisogo na kutazama mashariki, mbele yako ni nyika ya miiba hadi Mto Juba. Mwaka 1940 Waingereza walikusudia kuufanya Tana boma lao, maana Waitalia walikwisha kuiteka Moyale mwezi wa Julai.

Lakini hao Waitalia ni akina nani, msomaji? Wazungu mpakani walikuwa wachache. Bunduki aliibeba Mwafrika: askari wa Eritrea, na Wasomali waliojiandikisha wenyewe katika kikosi cha dubat, kilichoundwa mwaka 1924. Jina ni la Kisomali, maana yake kilemba cheupe, na ndicho walichovaa pamoja na shuka nyeupe. Waliowakabili walikuwa Keya, Waafrika vilevile. Mwingereza akiwaita wake askari, Mwitalia naye askari. Neno la Kiarabu tulilokuwa nalo sisi wa pwani kabla hawajatia nanga.

Yasemwa dubat walimtumikia adui kwa hiari. Hiari gani? Hadi mwaka 1925 Kismayu na Jubaland yote ilikuwa chini ya Mwingereza, kama Garissa. Mwaka huo akamkabidhi Mwitalia, kulipa ahadi ya vita vya kwanza. Waogaden wa huku na wa kule wakalala ndugu, wakaamka raia wa dola mbili, wala hakuna aliyewauliza. Mfikirie mtoto aliyezaliwa Afmadu mwaka 1920. Alinyonya chini ya bendera ya Mwingereza. Alipotimiza miaka ishirini, na mshahara wa askari ulikuwa kwa Mwitalia, akaitwa adui wa Mwingereza.

Mapema mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham yalivuka nyika hiyo. Kismayu ikaanguka tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25. Dubat wengi walitupa bunduki wakarejea kwa ngamia wao. Wako waliouita huo uoga. Mimi naona walijua hesabu kuliko makamanda wao.

Yule kijana wa Afmadu akawa tena chini ya Mwingereza. Mwaka 1950, sasa ana miaka thelathini, Mwitalia akarudi, safari hii kwa idhini ya Umoja wa Mataifa, akakaa hadi 1960.