Akiba ya Mwili wa Ng'ombe wa Maziwa Wakati wa Kuzaa



Katika kaya nyingi za Musoma, Butiama na Bunda, ng'ombe mmoja wa maziwa hubeba lishe ya watoto, ada ya shule na hata zaka ya familia. Makala haya yanaeleza kwa nini mafuta na misuli aliyo nayo siku ya kuzaa huamua maziwa yake, afya yake na mimba itakayofuata.

Maziwa ya wiki za kwanza hutoka wapi?

Ng'ombe hubeba mimba kwa takribani siku 280. Katika miezi miwili ya mwisho ndama hukua upesi, na siku chache kabla ya kuzaa mama hupunguza kula. Akishazaa, maziwa huongezeka haraka na kufikia kilele kati ya wiki ya 4 na ya 8, ilhali hamu yake ya kula huchelewa kurudi. Pengo hilo hujazwa na mwili wenyewe: sehemu ya maziwa tunayoyafurahia wiki hizo hutoka katika akiba yake.

Mafuta hutoa nguvu, lakini peke yake hayatoshi. Maziwa yanahitaji pia protini na sukari, na chakula kikipungua mwili huvunja misuli ili kuvipata. Ndiyo maana mgongo na mapaja hukonda upesi.

Hatari ziko pande mbili

Ng'ombe aliyekonda hupungukiwa maziwa na huchelewa kuonyesha joto. Ili azae kila mwaka, yampasa ashike mimba ndani ya siku 85 hivi baada ya kuzaa. Akichelewa, familia hukaa muda mrefu zaidi bila maziwa wala ndama.

Aliyenenepa kupita kiasi naye huweza kupata shida wakati wa kuzaa, na baadaye hula kidogo. Mafuta hufurika kwenye ini, na huweza kupata ugonjwa wa ketosi: hukataa pumba, hukonda ghafla na pumzi yake huweza kuwa na harufu tamu. Dalili hizo zikionekana, aitwe mtaalamu wa mifugo bila kukawia.

Pimeni kwa macho na kwa mkono

Wataalamu hutumia alama 1 hadi 5. 1 ni aliyekonda mno, 5 ni aliyenenepa mno. Siku ya kuzaa inafaa awe na alama 3 hadi 3.5. Papaseni mbavu, nyonga na shina la mkia: mifupa isichomoze kwa ukali, wala isizame kabisa katika mafuta. Baada ya kuzaa, asipoteze zaidi ya alama moja.

Akiba haiozi

Akiba hujengwa katika miezi ya mwisho ya kukamuliwa. Kisha ng'ombe akaushwe siku 60 kabla ya kuzaa, akitunza hali aliyo nayo bila kunenepeshwa zaidi.

Hapa kwetu, anayezaa Septemba amepitia mwisho wa mimba katikati ya kiangazi. Majani yake yapaswa kuwa yamekatwa na kuhifadhiwa mapema. Kumbukumbu ya Mtakatifu Isidori mkulima, tarehe 15 Mei, huangukia masika yakielekea ukingoni. Iwe ukumbusho kwa Jumuiya Ndogo Ndogo kusaidiana kukata majani na kutengeneza hei. Mabua pekee hayatoshi: yaongezewe majani ya lukina, pumba za mahindi na mashudu ya pamba. Akishazaa, chakula cha ziada kiongezwe kidogo kidogo, na maji safi yawepo wakati wote.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, hufundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Kumwachia mama mwenye njaa alishe ndama na familia kwa misuli yake mwenyewe ni jambo la kuliwazia mbele ya Mungu. Tumtunze kabla hatujamkamua.