Nzi Naye Huugua

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Wanging'ombe, nagombania uji na nzi wa zizini. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa hawana cha kuwaumiza." Nikacheka, maana wanacho.

Mwaka 1993 watafiti wa Florida, Marekani, walieleza kirusi kinachovimbisha tezi za mate za nzi wa nyumbani. Nzi hatafuni. Hutema mate juu ya chakula, kikilainika ananyonya. Nzi mgonjwa anatema mate yaliyojaa virusi, mwenzake anakuja kulamba hapohapo, basi naye kaupata. Jike aliyeambukizwa hafi papo hapo, ila hakuzi mayai tena na madume anawakataa. Kizazi kimeishia hapo.

Sasa mtasema tuwapulizie nzi wote kirusi hicho! Taratibu, jamani. Mbung'o ana kirusi cha ukoo huohuo, na huko kinatutia hasara. Unguja ilisafishwa mbung'o katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume tasa waliofugwa Tanga kwa wingi. Kirusi hicho kikiingia kwenye ufugaji wa namna hiyo, mbung'o wanaacha kuzaa na mradi unakwama. Kumbe adui wa adui yako si lazima awe rafiki.

Wala kirusi cha nzi hakiui vijidudu vya kuhara anavyobeba miguuni. Kwa hiyo Bibi nilimjibu kwa vitendo: nikafunika uji, nikachukua koleo, nikaenda kuzoa samadi.