Simba wa Reli Wana Sinema Yao, Vibarua Je?

Watu waliojenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani, ile ambayo enzi zake iliitwa Reli ya Uganda, wamepata kuingia katika sinema za mataifa makubwa, lakini wameingia humo kama chakula. Mwaka 1952 Wamarekani walitoa Bwana Devil, sinema iliyowashangaza watazamaji kwa picha zake zilizoonekana kama zinachomoza nje ya kiwambo, na mwaka 1996 wakatoa The Ghost and the Darkness, ambamo Val Kilmer na Michael Douglas wanawaandama simba wa Tsavo waliokuwa wakiwala wajenzi hao. Na katika zote mbili makuli wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika hukimbia, hupiga ukelele, huliwa, kisha huondolewa machoni petu ili nafasi apewe mwindaji na bunduki yake. Katika makuli zaidi ya 31,000 walioletwa kwa mikataba kutoka Bara Hindi, karibu 2,500 walifariki, na aghlabu kilichowaua hakikuwa simba bali maradhi na ajali za kazi. Lakini kuhara damu hakumpendezi mtengenezaji wa sinema kama ampendezavyo simba.

Wakazi wa Salama, mji wetu mdogo wa Makueni ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa, wana sababu yao mahsusi ya kuliangalia jambo hili kwa jicho la pembeni, kwa kuwa jirani yao ni Kima, stesheni ambako mwezi wa Juni 1900 Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alikokotwa na simba kutoka ndani ya behewa alimokuwa amelala akimvizia simba huyo huyo. Ryall ana kaburi lake Nairobi, ana jiwe lake, na jina lake limo katika vitabu kadhaa. Ama yule mtia taa wa stesheni, mfungua njia na mchimba tuta, hao hawana hata herufi moja. Nami siwalaumu simba. Nauliza tu: kwa nini, katika muda wa zaidi ya miaka mia na ishirini ambao njia hii ya chuma, na barabara kuu iliyokuja kufuatana nayo, zimekuwa zikilishwa kwa jasho la watu, filamu za hali halisi zinazosimulia maisha ya watu hao na mapambano yao ya kudai haki ni adimu kiasi hiki?

Haiwezi kusemwa kwamba mambo yenyewe hayakutukia. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama. Makuli wa bandarini, watu wa reli, wapagazi, wapishi na watumishi wa majumbani waliacha kazi kwa siku kumi na mbili, wakakutana kila siku katika uwanja walioubandika wenyewe jina la Kiwanja cha Maskini, na chama chao, African Workers' Federation, kikampata kiongozi, Chege Kibachia, ambaye haukupita mwaka serikali ikamhamishia mbali, Baringo. Makhan Singh, aliyeanza kuwaunganisha wafanyakazi wa Kihindi na wa Kiafrika mnamo miaka ya thelathini, alikamatwa Mei 1950 na hakuachiliwa mpaka 1961; alipotoka akaketi, akaandika tarikhi ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, kitabu kilichochapishwa mwaka 1969 ambacho hadi leo hakuna mtafiti wa mambo hayo awezaye kukipita kando. Yaani maandishi yapo. Kinachokosekana ni picha na sauti.

Na hapa Ukambani, wakati Makueni ingali sehemu ya wilaya ya Machakos, serikali ya mkoloni iliamua mwaka 1938 kuwapunguzia watu mifugo yao kwa nguvu, ikidai kwamba ardhi inachakaa. Na si sadfa kwamba kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kikifunguliwa Athi River na kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Samuel Muindi Mbingu na wenzake waliongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto kutoka Machakos mpaka Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana Brooke-Popham ana kwa ana. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini ng'ombe walirudishwa. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mifugo, si ya wafanyakazi. Mimi naona ni kitu kimoja, maana mtu mwenye ng'ombe zizini hakulazimika kwenda kuuza nguvu zake shambani kwa mzungu kwa ujira wa kudhalilishwa, na anayemnyang'anya ng'ombe humfanya kibarua, apende asipende. Filamu ya safari ile sijapata kuiona.

Kamera nazo zilikuwapo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, wazungu waliofadhiliwa na fedha za shirika la Carnegie la Marekani walitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, wakazizungusha Tanganyika, Kenya na Uganda kwa gari lililokuwa na mtambo wake. Humo Mwafrika alifundishwa kilimo, usafi na kuweka akiba posta. Mwenye kumlipa hakufundishwa lolote. Tabia ile ya kamera kusimama upande wa anayeamuru, na mfanyakazi kuwa mwanafunzi wa milele, haikuondoka pamoja na bendera ya Uingereza, kama ajuavyo kila mtu ambaye amepata kutazama filamu za mashirika ya misaada.

Mfano wa kinyume chake unatoka Kentucky, Marekani. Barbara Kopple alikwenda katika wilaya ya Harlan mwaka 1973, wakati wachimba makaa wa mgodi wa Brookside walipogoma ili chama chao kitambuliwe, akakaa nao katika nyumba zao mgomo ulipoendelea kwa zaidi ya mwaka mzima. Katika filamu yake, Harlan County, USA, iliyotoka 1976 na kutunukiwa tuzo ya Oscar, wanawake wa wachimbaji ndio wanaotoka alfajiri kuziba njia, na ndio wanaogombana mkutanoni kwa maneno makali, kisha wanarudi kwenye mstari pamoja. Walinzi wa kampuni wanapofyatua risasi gizani, kamera imo katika kundi lile lile linalofyatuliwa risasi. Mchimbaji kijana aliuawa ndipo mkataba ukatiwa saini. Hata hivyo mimi naipa daraja ya juu zaidi filamu yake ya baadaye, American Dream, ya mgomo wa kiwanda cha nyama cha Hormel huko Minnesota, kwa kuwa katika hiyo wafanyakazi wanashindwa, na wanashindwa kwa sehemu kubwa kwa sababu chama cha mahali na chama kikuu havisikilizani. Viongozi wa vyama vyetu, ambao hupenda kupigwa picha wakiwa jukwaani Siku ya Wafanyakazi, sidhani kama wangeikubali filamu ya namna hiyo, na hiyo ndiyo sababu inayotosha kuifanya itengenezwe.

Karibu na kwetu, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka 2004 na kuwaghadhabisha wakuu wa Tanzania, ilionesha taabu ya Mwanza na minofu ya sangara kwa ustadi mkubwa, lakini humo watu wa Mwanza wanateseka tu, hawakutani, hawadai. The Workers Cup ya 2017, ya wafanyakazi wahamiaji wa Qatar wanaocheza kandanda kambini, ina insafu zaidi. Yumo ndani yake kijana wa Kenya, na mzazi wa Ukambani ambaye mwanawe yuko Ghuba ataelewa, bila kuelezwa, maana ya nchi ambayo mhamiaji haruhusiwi kuunda chama.

Lakini filamu inayotuhusu zaidi imetoka Mutomo, Kitui. Mkulima Kisilu Musya alikabidhiwa kamera na Julia Dahr, binti wa Norway, akapiga picha za nyumba yake, shamba lake na jirani zake kwa muda wa miaka mitano: ukame, kisha mvua ya tufani iliyong'oa paa, kisha mikutano ya wakulima ambao kwanza hawamwamini, kisha wanajipanga. Thank You for the Rain ilitoka 2017, na humo Kisilu anafika mpaka mkutano wa tabianchi wa Paris wa mwaka 2015, ambako maneno ya wakubwa yanampita juu ya kichwa. Hajaajiriwa na mtu, hana kadi ya chama. Lakini kuwaketisha chini ya mti watu waliochoka na kuwashawishi kwamba wakiwa pamoja watapata wasichokipata kila mmoja peke yake, hiyo ndiyo kazi ya mwanachama hodari popote alipo. Na sehemu zilizo nzuri zaidi ni zile alizozipiga yeye mwenyewe, maana mkewe anamjibu kama mke amjibuvyo mumewe, si kama mtu ajibuvyo wageni.

Basi filamu ya Salama inamngoja mtu wake. Malori yanasimama hapa usiku. Madereva na matanboi wanakula, wanalala, wanahesabu siku za posho. Wenye vibanda vya chakula, mafundi wa pancha na walinzi wa usiku wanaishi kwa malori hayo. Mwaka 2019, baada ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi kufunguliwa 2017, serikali ilipoagiza makontena yapandishwe treni, waandamanaji walijaa barabara za Mombasa, na miji ya kando ya njia ikalia njaa. Septemba 2022 amri ikafutwa. Miaka ile mitatu, ilivyoonekana kutoka kwenye meza ya kibanda cha chai, ni filamu kamili.

Nairobi upo mfuko wa Docubox, ulioanzishwa na Judy Kibinge kwa ajili ya kuwasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki. Vijana wa Makueni na Kitui wauendee. Vyama vya madereva na vya watu wa reli vifungue makabati yao ya kumbukumbu kabla mchwa hawajayafungua. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee aliyeshika sururu ya reli au usukani wa lori, mrekodi sauti yake kwa simu yako wiki hii, umuulize alilipwa ngapi na alipogoma alisimama na nani. Na filamu itakapokamilika, ioneshwe kwanza Salama na Kima, bure, kabla ya kupelekwa kwenye tamasha la filamu la Amsterdam.