Shahada ya mazingira: ipi inarudisha gharama yake?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali la kwanza nyumbani huwa ni ada. Kwa anayetaka kusomea mazingira, ada ndiyo yenye tofauti ndogo. Vyuo vikuu vya umma kama Sokoine (SUA) cha Morogoro, Ardhi au Dar es Salaam hutoza shahada za sayansi kiasi kinachozunguka shilingi milioni 1 hadi 1.5 kwa mwaka. Kinachokula fedha ni maisha. Bodi ya Mikopo (HESLB) huhesabu chakula na malazi kwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa wiki 34 za masomo hiyo ni kama milioni 2.4. Mwenye shangazi wa kumpokea Morogoro ataokoa kuliko anayehangaikia chuo kilichopungua laki moja kwenye ada.

Linganisha basi kile ambacho cheti kitakuruhusu kufanya. Fani ni moja kwa mtazamo wa nje, lakini ndani yake kuna njia tatu.

Sayansi na usimamizi wa mazingira. Kwa kawaida ni miaka 3, na hupokea waliosoma baiolojia, kemia au jiografia. Ndiyo njia pana, na ndiyo yenye msongamano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira, na miradi mikubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM). Kazi nyingi za wahitimu zinatoka humo.

Chukua mfano wa kituo cha mafuta kinachotaka kujengwa mtaani. Mhitimu mpya ndiye anayeshika GPS, anapima kelele, anauliza kisima cha jirani kiko umbali gani na yatakapochimbiwa matangi, kisha anaketi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kukusanya maoni na saini za wakazi. Ripoti ikifika kwenye mamlaka ya taifa ya mazingira, inayobeba uzito ni saini ya mtaalamu elekezi aliyesajiliwa, na malipo hufuata awamu za mteja. Miaka ya mwanzo ni ya kufanya kazi chini ya jina la mwingine. Anayeingia njia hii awe na akiba ya uvumilivu.

Uhandisi wa mazingira. Chuo Kikuu Ardhi ndicho kinachojulikana zaidi kwa fani hii. Ni miaka 4 na inadai fizikia na hisabati. Mwaka wa ziada, ukijumlisha ada na matumizi, unakaribia milioni 4, mbali na mshahara ambao ungekuwa umeanza kuupata. Unachonunua ni haki ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mamlaka za maji, migodi na makandarasi wanaohitaji mtu wa kusanifu mfumo wa majitaka au dampo la kisasa humtafuta mhandisi, na mwenye shahada ya sayansi hawezi kujaza nafasi hiyo.

Afya ya mazingira. Muhimbili hutoa shahada ya miaka 3, na vyuo vya afya hutoa stashahada. Mhitimu wake ndiye bwana afya anayekagua machinjio, migahawa na mipaka. Ana baraza lake la usajili lililoundwa kwa sheria ya 2007. Uwanja wake ni mwembamba, lakini mipaka yake iko wazi, na mwenye sayansi ya mazingira hauingii kwa urahisi.

Wapo pia wanaoanzia stashahada: misitu Olmotonyi, wanyamapori Mweka, au Chuo cha Maji, Ubungo. Aliyekwisha ajiriwa anaweza kusoma Chuo Kikuu Huria bila kuacha mshahara, na kwa mwenye familia hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote.

Mkopo uhesabiwe mapema. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2016, mwajiriwa mwenye deni la mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa laki nane, hiyo ni 120,000 kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyowaumiza wengi iliondolewa 2021.

Kabla ya kujaza maombi, fanya mambo mawili. Soma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huu uone sifa za kila programu. Kisha pitia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya miezi iliyopita, uandike ni mara ngapi wametajwa Afisa Mazingira, Mhandisi Mazingira na Afisa Afya Mazingira, na sifa walizotakiwa kuwa nazo.

Kwa maoni yangu, mwenye PCM (fizikia, kemia na hisabati) nzuri asikwepe mwaka wa nne wa uhandisi. Mwenye PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anayetaka usajili wa kueleweka aitazame afya ya mazingira kwanza. Sayansi ya mazingira imfae anayependa kazi ya uwandani na aliye tayari kuongeza ujuzi unaouzika, hasa ramani za kompyuta na uandishi wa ripoti, kabla hajavaa joho.