PUMZI YA MGONJWA ALIYELAZWA KWA DAWA

Leo twazungumza habari za mgonjwa anayepasuliwa, na jinsi pumzi yake itunzwavyo.

Mwaka 1879, huko Bunyoro katika nchi ya Uganda, tabibu Robert Felkin alimwona mganga mwenyeji akimpasua mama mjamzito ili amtoe mtoto. Mama yule alinyweshwa pombe ya ndizi akalewa nusu, na watu wakamshika. Alipona. Pombe ile haikuondoa uchungu wote, lakini alivuta pumzi mwenyewe.

Dawa za hospitali huleta usingizi mzito kuliko huo. Mwili wote hulegea. Ulimi huanguka nyuma na kuziba koo. Tena, mgonjwa akitiwa dawa ya kulegeza misuli, kifua hakiinuki kabisa. Ubongo ukikosa oksijeni dakika chache tu huharibika. Basi hapana budi mtu mwingine amtunzie pumzi yake.

Mtu huyo ni mtaalamu wa usingizi, naye hukaa kichwani pa mgonjwa. Kwanza humvutisha oksijeni, ili mapafu yapate akiba. Akiisha kulala, hutazama kooni kwa chombo chenye taa, akapitisha mpira mpaka ndani ya njia ya pumzi. Kisha hewa husukumwa kwa mfuko au kwa mashine. Husikiliza kifua pande zote mbili, kwa kuwa mpira waweza kupotea ukashuka tumboni. Kidoleni hubana chombo kidogo kipimacho oksijeni ya damu kwa mwanga. Kanuni yake ilivumbuliwa na Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970.

Je, sisi jamaa wa mgonjwa tuna kazi gani? Tunayo kubwa. Katika usingizi ule, chakula kilichomo tumboni chaweza kupanda kooni kikaingia mapafuni, na jambo hilo huua. Kwa hiyo mtu mzima hukaa muda wa saa 6 au zaidi bila kula, na muda wa saa 2 bila kunywa hata maji. Uji na maziwa ni chakula pia.

Basi tukimpeleka ndugu yetu Nyakahanga au Isingiro kupasuliwa, tusimpe ndizi kwa siri kwa kumwonea huruma. Na ikiwa amekwisha kula, tuseme kweli upesi, wapate kumlinda.