Watoto, Runinga na Simu: Tuanze na Usiku

Katika semina za malezi zinazofanyika sharikani, swali moja hujirudia kutoka kwa wazazi: je, tuwanyang'anye watoto simu? Katika makala hii tunaeleza kwa nini kunyang'anya peke yake hakusaidii, na hatua gani familia na kamati za sharika zinaweza kuanza nazo.

Tatizo ni nini hasa?

Runinga na simu si adui. Kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa nchini mwaka 2014, kinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Wanafunzi wa sekondari nao hupata mitihani iliyopita kupitia simu. Tatizo huanza pale skrini inapochukua nafasi ya usingizi, michezo na mazungumzo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini. Wa miaka 3 na 4 asizidishe saa 1 kwa siku, alale saa 10 hadi 13, na achangamshe mwili kwa saa 3 au zaidi. Kwa wakubwa zaidi shirika hilo linashauri kupunguza skrini za burudani, bila kutaja idadi ya saa. Hapo ndipo mzazi anapaswa kutumia busara, na kipimo rahisi ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10.

Kwa nini usiku?

Giza linapoingia, mwili hutoa homoni ya melatonini inayoleta usingizi. Mwanga wa skrini iliyo karibu na macho huichelewesha. Isitoshe, video moja ikiisha nyingine huanza yenyewe. Kijana anayezima simu saa 7 usiku na kuamka saa 11 alfajiri kwenda shule amelala saa 4 tu. Mwalimu atamwona mvivu, kumbe ana usingizi.

Hatua za nyumbani

1. Simu zote, za wazazi zikiwemo, zilale sehemu moja. Familia inayoishi chumba kimoja inaweza kuziweka juu ya kabati baada ya sala ya jioni. Mtoto haamini katazo ambalo baba na mama hawalifuati.

2. Wakati wa chakula runinga izimwe, watu wazungumze.

3. Mzazi atazame pamoja na mtoto na kumwuliza anachokiona. Mtoto asiye na runinga nyumbani, au aliyekatazwa bila maelezo, huishia kwenye kibanda umiza, ambako hakuna anayemchagulia picha ya kutazama.

4. Mtoto akisema kwamba mtu asiyemjua amemwomba picha au amemtumia ujumbe mchafu, asikaripiwe. Anayeogopa kunyang'anywa simu hatasema kitu, na ukimya huo ndio unaomlinda mkosaji. Kwa msaada, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Kazi ya kamati

Familia moja ikiamua peke yake, mtoto atalalamika kwamba wenzake wote wanaruhusiwa. Wazazi wa jumuiya nzima wakikubaliana saa moja ya kuzima, lalamiko hilo linakwisha. Tunashauri kamati ziweke mada hii kwenye ajenda ya jumuiya, na pia kwenye mafundisho ya Kipaimara, ambako vijana wenyewe wapewe nafasi ya kupendekeza taratibu. Utaratibu waliousaidia kuutunga wataushika kwa urahisi zaidi.

Vilevile mtoto aliyezimiwa runinga anahitaji kitu cha kufanya. Uwanja wa kanisa ukiachwa wazi jioni, chini ya uangalizi wa mtu mzima, ni msaada mkubwa. Kwa marafiki wanaotuchangia, tunapenda mjue kwamba mipira, kamba za kuruka na vitabu vya hadithi vina nafasi katika kazi hii sawa na semina.

Tunaziomba kamati zianze na jambo moja tu kabla ya toleo lijalo: simu zilale mahali pamoja. Baada ya majuma machache, waulizeni walimu kama kuna watoto wanaosinzia kidogo zaidi darasani kuliko awali.