Amplifaya ya Bei Nafuu: Je, Itadumu?



Wapiga gitaa wa Ediofe wanaotaka kuchanga fedha wanunue amplifaya ya kidijitali wafikiri kwanza. Tangu kampuni ya Line 6 ya Marekani ilipotoa AxSys 212 mwaka 1996, mashine hizi huiga sauti za amplifaya nyingi za zamani. Hazina valvu za kuchakaa. Hilo ni jema. Lakini vipande vyake vidogo vimebanwa kwenye bodi moja, na bodi ikiungua fundi wa mtaani hupata taabu kuitengeneza.

Adui ni umeme unaopanda na kushuka, joto na vumbi. Someni maandishi ya nyuma: Uganda hutumia volti 240; iliyoundwa kwa volti 120 tu itaungua. Nunueni na stabilaiza. Umeme ukikatika, ichomoeni. Jasho la wengi lisiteketee usiku mmoja!